Safu ya Ladha

Saa tisa ya usiku, Kuriyati.
Kila saa nachota chupa moja, bomba la kumi na mbili,
naiandikia tarehe, naiinua kwenye taa.
Haina kitu.
Ndiyo kazi yangu, kuhakikisha kwamba haina kitu.

Nyuma ya ukuta pampu zinaguna,
zinaibana bahari mpaka itubu,
zinaisukuma ndani ya tando zilizoviringwa kama mikeka.
Upande huu linachuruzika jasho lake lisilo chumvi.
Upande ule inarudi iliyosalia, nzito, imenuna,
tunaipeleka mbali kwa bomba refu
samaki wa ufukweni wasitulaani.

Watu hudhani chumvi ikishatoka, basi.
Bado. Maji matupu yana njaa.
Yaachie hivyo yaende mjini, yatatafuna mabomba,
yatakula chuma, yatalamba saruji ya matangi,
yakitafuta popote yalichonyang'anywa.
Kwa hiyo twayalisha kwanza,
twayapitisha kwenye vitanda vya mawe ya chokaa,
polepole, kama mgonjwa anayeonjeshwa uji,
kisha klorini kidogo, mlinzi wa kuyasindikiza
mpaka jikoni kwa watu.

Bibi yangu, Bi Shinuna, hayataki.
"Maji gani haya? Yamekoshwa mpaka yamesahau jina lao."
Alikuja huku na sanduku moja:
kanga nne, Msahafu,
na kata ya kifuu, mpini wake wa mti wa mpera.
Kiarabu hakukijua. Jirani akamwonesha mtungi: *mai*.
"Nikajua nitaishi," husema,
"*mai* ni maji yaliyokatwa kidogo tu."

Mwezi wa pili bahari ikawa rangi ya chai kavu.
Mwani mwekundu, unanuka, unaziba pua za mitambo.
Thani akazima pampu moja, akazima ya pili,
akakaa chini, kofia mapajani.
Kimya kile sikuwahi kukisikia.
Akiba ya matangi: siku mbili, watu wakijizuia.
Hakuna anayejizuia.

Nikapiga simu. "Bibi, jaza kila chombo."
"Lini uliniona nikiacha kujaza?"

Siku ya tatu nikaenda kwake na macho yasiyolala.
Lori la buluu limesimama mlangoni, injini inatweta,
mpira wa maji umelala mchangani, mkavu.
Rafikul, dereva, amezunguka mji mzima tangu alfajiri
akigawa maji, na yeye mwenyewe midomo imepasuka.
Bibi amemkalisha kizingitini.
Mitungi mitatu imening'inia kivulini, inatoka jasho,
kuna masufuria, kuna beseni la kumwogeshea mtoto,
watoto wa jirani wamepanga foleni, birika mikononi.
Bibi anachota, anamimina, hamwagi hata tone.
"Maji ya kifuu, bahari ya chungu," anamwambia Rafikul
kwa Kiswahili asichokijua.
Akanywa. Akafumba macho. Akarudisha kata itiwe tena.

"Umeona?" Bibi akanigeukia. "Haya ndiyo maji.
Haya yana ladha. Si hayo yenu ya kiwandani."

Nilitaka kumwambia.
Kwamba ni yetu, Bibi, ya Jumapili, bomba la kumi na mbili,
pengine niliyainua mimi mwenyewe kwenye taa.
Kwamba klorini imeshayatoka, mlinzi keshalala,
na maji ya siku tatu kwenye udongo
kanuni inasema yapimwe kwanza.
Chupa ya sampuli nilikuwa nayo, mfuko wa shati.

"Sema basi, mtaalamu," akanitilia.

Kwenye fomu yetu kuna safu ya ladha.
Miaka sita nimeijaza neno lilelile: *hakuna*.
Kalamu ilikuwa sikioni.
Mikono, yote miwili,
ilikuwa imeshika kata.